Gogo kwa Ajili ya Mwali

Jumatatu, 3 Juni
Mke wangu kaenda kwa dada yake hadi Jumamosi. Kaniachia agizo moja: niwalishe samaki, nisiguse kingine. Wako watatu. Mkubwa wao, Mwali, kamlea miaka sita. Asubuhi humsalimu yeye kabla yangu!

Situlii. Jirani yetu, fundi saa, ana gogo zuri la pambo ndani ya tangi lake la samaki, na mke wangu hulisifu kila wiki. Nimeapa: akirudi atakuta gogo kwetu, na sifa zihamie huku.

Jumanne, 4 Juni
Kwa muuza samaki wa mapambo. Kasema nitafute mti mgumu uliokauka kabisa, usio na utomvu wala rangi, nibandue gome, nichemshe, kisha niloweke mpaka uzame wenyewe. Wiki tatu! Nikauliza njia ya mkato. Kaniuliza kama samaki ni wangu. Jeuri ya ajabu.

Nimekata tawi kwenye ua. Likatoa maziwa, mkono ukawasha hadi jioni. Nimelitupa. Mimi si mjinga.

Jumatano, 5 Juni
Akili ni mali! Stoo kuna kiti kibovu: mguu mgumu, mkavu. Nimeukata, nimeuchemsha katika sufuria kubwa ya mke wangu, ile ya wageni. Vanishi ikabanduka, ikaganda kwenye sufuria. Nikasugua kwa mchanga. Sasa sufuria ina mikwaruzo na mguu bado una vanishi. Nimeficha vyote chini ya kitanda. Nimezunguka sebuleni weee, mpaka miguu ikachoka.

Alhamisi, 6 Juni
Nimeokota kipande kando ya mto. Kikavu, cheupe, hakina gome. Hiki ndicho! Kukiloweka? Si kitalowana humo humo tangini? Nikakitia, kikaelea. Nikakifunga kwenye tofali, kikatii.

Fundi saa kaja kuazima ngazi. Kauliza nimekiloweka siku ngapi. Nikamwambia mwezi mzima. Kakohoa. Wivu tu.

Ijumaa, 7 Juni
Balaa! Maji yamekuwa rangi ya chai. Nikayamwaga yote, nikajaza ya bomba hapo hapo. Muda si mrefu Mwali kapanda juu, anatweta, kinywa wazi. Sikujua kuwa nampenda yule samaki.

Nikawatia wote ndooni, mbio kwa fundi saa. Hakunicheka, na hilo liliniuma zaidi. Kawahamisha taratibu kwenye tangi lake. Kasema rangi ya chai ya mti safi haimdhuru samaki. Kilichotaka kuwaua ni maji yangu ya bomba, yenye dawa. Mwali anapumua. Nimekaa pale namtazama mpaka nikaambiwa niende nyumbani.

Jumamosi, 8 Juni
Mke wangu karudi. Kaona tangi tupu, kisha sufuria chini ya kitanda. Nikakiri kila kitu. Nikasema nilichoka kusikia gogo la watu likisifiwa. Halafu kasema samaki watabaki kwa fundi saa, na yeye atakwenda kuwasalimu huko kila asubuhi. Kila asubuhi!

Nimekaa, nimesimama, nimekaa tena. Kosa langu nimeliona: nilitia gogo kwenye tangi lisilo lenyewe. Jumatatu fundi saa hushinda kazini, dirisha lake la nyuma halifungi vizuri, na gogo langu bado ninalo.