Muuguzi Aliyeniharibia Ugonjwa

Tulia, Kitui
14 Agosti 1989

Kwa Muuguzi Mkuu wa Wilaya,

Mheshimiwa Mama,

Natumaini barua hii inakukuta ukipumua vizuri. Mimi pia ninapumua vizuri, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Naitwa Kivuva Nzioka. Kwa miaka ishirini na sita niliendesha mashine ya kusaga mahindi hapa sokoni, nikila vumbi la unga kutwa nzima na kuliteremsha kwa sigara. Mapafu yakachoka. Daktari akatazama picha ya kifua akasema ugonjwa huu hauponi, nitaishi nao. Nilikubali. Nikaketi kando ya ukuta wa nyumba yangu nikawa mgonjwa, na nasema bila majivuno kwamba nilikuwa mgonjwa mzuri. Hatua kumi tu, midomo inageuka rangi. Watu wa kanisa walikuja kuniombea kila Jumatano, na hawakuja mikono mitupu. Hakuna aliyethubutu kunitajia jembe.

Mwezi wa pili mwaka huu ukatuletea muuguzi Mwanamisi Shee, binti wa wale wauza nguo wa mjini Kitui waliotoka pwani. Malalamiko yangu ni haya:

1. Alinipiga. Nilifika zahanati juu ya mkokoteni wa ng'ombe. Akanilaza kifudifudi, akakunja viganja kama vikombe, akanipiga mgongo mpaka yakatoka makohozi ya tangu enzi za mkoloni. Mke wangu Mbinya alikuwa amesimama pale. Nilidhani atanitetea. Akasema, "Sista, nifundishe na mimi." Sasa napigwa nyumbani kila asubuhi, Mbinya akiimba, na siwezi kumshtaki kwa chifu kwa sababu ni matibabu.

2. Alinifundisha kupumua, mimi niliyepumua miaka sitini bila mwalimu. "Mzee, vuta kwa pua, kisha toa polepole kwa mdomo, kama unapoza chai." Nilifanya hivyo kanisani wakati wa maombi. Benchi zima likafungua macho kutafuta kikombe.

3. Aliingia jikoni kwetu, akakohoa mara moja, akasema moshi ule unaniua, tutoboe dirisha. Tukatoboa. Sasa kila apitaye njiani anaona muthokoi wetu wa mahindi na maharagwe ukiiva, na anakumbuka ghafla kwamba hajatusalimia. Sigara zangu pia alizichukua. "Chagua, Mzee, hizi au hewa." Nilichagua hewa, lakini kwa hasira.

4. Alinitembeza. Wiki ya kwanza mpaka langoni, ya pili mpaka kwa jirani, na kufika mwezi wa sita nilikuwa sokoni. Hapo ndipo nilipoangamia, Mama, kwa maana watu waliniona. Mwenyekiti wa mwethya, kile kikundi chetu cha kuchimba mitaro ya mashamba, akaniambia nimepona, nije kazini. Nikamweleza kwa kirefu kwamba ugonjwa huu hauponi. Ni kweli hauponi! Lakini nilieleza kwa kirefu mno, bila kuishiwa pumzi, na hakuna aliyeniamini. Sasa wao wanachimba, na mimi, mwenye mapafu mabovu kuliko wote, ndiye ninayeongoza nyimbo. Watu wa Jumatano wamehamishia kuku wao kwa mwenye malaria.

5. Alinizuia kufa. Binamu yangu Muli alikuwa ameshaandika hotuba ya mazishi yangu, kurasa nne, akanisomea nirekebishe. Nililia. Sijawahi kusifiwa hivyo. Basi siku moja ya mwezi wa tano, baada ya chakula cha mchana, hewa ikakataa kabisa kuingia. Nilijua ndiyo siku yenyewe, na nilikuwa nimekubali. Mwanamisi akaja mbio akikatiza shamba, viatu mkononi. Akaniketisha, akaniegemeza mbele juu ya meza na mto, akanishika mkono. "Nitazame mimi, Mzee. Hii moja tu. Haya, sasa hii moja." Alisema hivyo mpaka jua likainama. Hakula, na sala ya alasiri ilimpita. Hakuniachilia. Je, Mama, mgonjwa hana haki ya kumaliza alichoanza? Muli sasa ananiambia, "Kaka, hizi karatasi zinazeeka," na amefuta neno "mpole".

Kwa hiyo naomba kwa heshima zote muuguzi huyu ahamishwe upesi, tuletewe mwingine atakayeniangalia kwa huruma na kuniacha niketi.

Wasalimie wauguzi wote, dereva wako, na yeyote mwenye kikohozi hapo ofisini. Mbinya anakusalimu. Muli pia anakusalimu, kwa huzuni.

Ni mimi, niliye hai kinyume cha mipango,
Kivuva Nzioka

Nyongeza: Nimefika posta kwa miguu. Karani, Nthenya, ameniambia Mwanamisi amepewa uhamisho wa kwenda Ikutha na anaondoka Jumatatu ijayo. Mama, umenitii kabla hujanisoma! Nimeketi hapa ngazini, nimepasua bahasha, naandika kwa kalamu ya serikali. Tafadhali usimpeleke. Kuna wazee wengine sita wa kifua hapa Tulia, na mmoja jana amefika langoni kwake kwa mara ya kwanza. Karatasi za juu zitupe, barua yenyewe ni hii ya chini. Nthenya anauliza mbona macho yangu yamelowa. Nimemwambia ni kifua.