Mrashi wa Babu wa Babu

Jumamosi, 12 Oktoba

Mvua ya kwanza ya vuli imenyesha alfajiri. Kidogo tu, ya kulaza vumbi. Lakini harufu yake! Nimekaa kizingitini na chai ya mchaichai nikainusa mpaka ikaisha. Mume wangu Ussi kaanza kukaanga korosho uani. Nusu kaziunguza, nusu kazila. Maembe ya jirani yanaangukia upande wetu wa ukuta. Mungu mkubwa.

Vuli ndiyo msimu wangu. Wageni wanakuja kumtazama papa potwe, yule samaki mkubwa, na wakishamtazama hawana la kufanya mpaka jioni. Wanazurura Kilindoni. Na Kilindoni kuna duka langu, Vitu vya Kale kwa Mama Tasnim. Mbuzi za nazi, sinia za shaba, redio za mbao, taa za chemli. Vingine vya kale kweli. Vingine nimevisaidia. Sinia mpya ukiifukia chini ya banda la kuku siku chache, ikitoka ina miaka mia. Si uongo huo. Ni kuiharakisha.

Leo kaingia mzee wa Kizungu. Akanisimulia kwamba kwao majira haya majani ya miti yanageuka rangi na kuanguka, watu wanafunga safari kwenda kuyatazama. Nikamwambia kwetu yanaanguka maembe, na hatuyatazami, tunayala. Akacheka sana. Nikasema moyoni, huyu wangu. Nikamshikisha bakuli, nikamwambia limetoka Kua, kule kwenye magofu ya kisiwa cha Juani. Akaliweka chini kama kaa la moto! Kiongozi wake akanieleza kwamba kitu cha Kua hakiuzwi, kukichukua ni kesi. Ikabidi niape kwamba bakuli limetoka Kariakoo mwaka jana. Sijapata kusema kweli kwa nguvu namna ile.

Akavuka barabara kwa Sihaba. Sihaba na kiduka chake, alichokifungua baada ya kuona changu. Kamuuzia mwiko! Kamwambia bibi yake alikuwa akikorogea uji wa futari. Bibi yake Sihaba nilimjua. Uji alikuwa akinunua.

Lakini nimepata akili. Watu hawanunui kitu. Wananunua bibi na babu.

Jumapili, 13 Oktoba

Furaha juu ya furaha! Mwanangu Tasnim anaposwa!

Niandike vizuri. Tasnim wangu ni mtu wa dawa. Ana stashahada ya famasia. Cheti chake nimekitundika dukani juu ya mlango, na wateja wawili washaniuliza bei. Anayemtaka ni Hadi, mjukuu wa Mzee Anwarali mwenye duka la mabati. Kijana mpole, ananiamkia mpaka nione haya. Wanapendana, hilo halina siri. Tasnim akitajiwa jina lake anaweka chumvi kwenye chai.

Ila mwenye neno kwao ni bibi yake, Bi Gulshan. Anakuja kwetu Jumapili ijayo na wanawake wa kwao kutuangalia. Akiridhika, washenga watafuata. Asiporidhika, basi. Na huyu bibi hapendi uongo kabisa. Mwaka jana alivunja posa ya mjukuu mwingine kwa sababu wakwe walisema wana nyumba Dar, ikaja kujulikana wamepanga.

Tasnim kanishika mikono jikoni. Kaniambia, "Mama, nakuomba siku hiyo usihadithie kitu chochote. Karibisha, pakua, nyamaza."

Nimemwahidi. Akaniambia niahidi tena. Nimeahidi tena, tena kwa machozi, maana mtoto wangu akiomba anapendeza.

Tatizo ni nyumba. Kabati la Bi Gulshan limejaa shaba za wazee wake, ukiingia unajiona usoni kila upande. Sisi upande wa baba yangu ni watu wa Maskati. Lakini cha Maskati kiko wapi? Nilivyokuwa navyo nimeviuza vyote. Imebaki televisheni na maua ya plastiki. Atasema mjukuu wake anaoa kwa watu wa juzi. Hapana. Haiwezekani.

Jumanne, 15 Oktoba

Nimevuka kwenda Juani na mabeseni ya plastiki, mapya, ya rangi. Ndiyo kazi yangu. Unampa mtu beseni jipya, yeye anakupa shaba kuukuu ya stoo. Mnaagana kila mmoja akimwonea mwenziwe huruma.

Bi Furaha, mjane mmoja wa kule, kaniletea gunia. Nikachambua. Vifuniko, kopo, ufunguo usio na kufuli. Halafu chini kabisa, mweusi kama chungu, mrashi! Ule mrashi wa shaba, shingo ndefu, kichwa cha matundu, wa kunyunyizia wageni marashi kwenye harusi na maulidi. Mzito, wa kizamani, kazi ya mkono. Bi Furaha akasema hajui hata umefikaje kwake, anadhani ulibaki baada ya maulidi moja ya zamani na mwenyewe hakurudi kuuulizia. Akaendelea kueleza maulidi hiyo. Sikumsikiliza. Nilikuwa nakaza uso nisionyeshe furaha.

Nimempa mabeseni mawili. Akafurahi. Nimerudi na mrashi mapajani kama mtoto mchanga.

Watu wa Maskati wamerudi nyumbani!

Alhamisi, 17 Oktoba

Sahani zangu hazitoshi, na nzuri anazo Sihaba. Nimekwenda kuazima. Niliingia kwa kicheko kama vile sijamsema wiki nzima.

Kanipa, lakini kwanza kazipindua moja moja mbele yangu. Kila sahani ina nukta ya rangi ya njano tumboni. Kaniambia ni ili zisije zikajisahau. Kana kwamba mimi mgeni wa dunia! Nani Mafia hii hatii alama vyombo vyake? Sufuria zangu zina rangi ya kucha nyekundu tangu nilipoolewa. Bila alama, shughuli moja tu, unarudi nyumbani na mfuniko wa mtu mwingine.

Halafu akasema atakuja Jumapili yeye mwenyewe, kusaidia kupakua. Kusaidia! Anakuja kulinda sahani. Akaniambia pia ajabu hii, kwamba Bi Gulshan hamwitikii salamu vizuri miaka mingi sasa, tangu alipompa kitu chake cha shaba apeleke kwenye shughuli fulani, kikapotea, akadhaniwa yeye kakificha. Nikasema pole shoga. Nilikuwa nafikiria sambusa.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nimeusugua mrashi kwa ndimu na majivu tangu adhuhuri. Umetoka dhahabu! Shingo inang'aa, tumbo linang'aa. Chini sikupasugua. Chini nani anatazama?

Nimefanya mazoezi ya hadithi mbele ya Ussi. Babu wa babu yangu anashuka pwani akitokea Maskati, mkono mmoja msahafu, mkono mmoja mrashi. Ussi kauliza mzigo wake wa nguo kaubeba nani. Nimemwambia ale korosho zake. Tena kanikumbusha ahadi ya Tasnim. Mtoto alisema nisihadithie kitu. Mrashi si kitu. Mrashi ni babu.

Nyumba inanukia iliki na udi. Kaimati zimefura kama mashavu ya mtoto. Maembe nimeyakata maua. Mvua imenyesha tena, uani ni baridi tamu, kuku wamejikunyata. Usingizi sitaupata, nina furaha mno.

Jumapili, 20 Oktoba

Naandika hata vyombo sijaosha.

Walikuja saa kumi, wanawake watano, Bi Gulshan mbele na fimbo yake. Shikamoo, marahaba, karibuni. Tasnim alivaa buibui la kahawia, jamani, mwezi! Macho chini, sauti ndogo. Bi Gulshan akamtazama kutoka kichwani hadi kwenye vidole vya miguu, akatikisa kichwa kidogo, kwa kuridhika. Mambo yalikuwa yamekwisha pale pale. Ningenyamaza tu.

Nikaingia na mrashi.

Nikawanyunyizia mmoja mmoja, taratibu. Mwenyewe sikukusudia kusema sana. Lakini mdomo ulikuwa umeshafanya mazoezi. Babu wa babu akashuka pwani. Msahafu, mrashi. Nikaongeza na dhoruba, haikuwepo kwenye mazoezi lakini ilikuja vizuri. Tasnim alikuwa ananikodolea macho kwa nyuma. Sihaba alisimama mlangoni na sahani zake.

Bi Gulshan akanyoosha mkono. Nikampa, nikidhani anataka kuubusu.

Akaupindua.

Chini, nukta mbili za rangi ya kijani. Kati yao mkwaruzo wa msumari. Nikasikia Ussi uani akipasua korosho.

Bi Gulshan akasema, "Warda, huyo babu wa babu yako, alipotoka Maskati alipitia jikoni kwangu?"

Nikafikiria kuzimia. Nikatazama sakafu pa kuangukia, kulikuwa na sinia ya maembe. Nikamtazama mwanangu. Uso wake! Sitaki kuuona tena uso ule. Basi nikasema kweli, yote, mbele ya watu. Nimeupata Juani, kwa Bi Furaha, kwa mabeseni mawili, ulibaki baada ya maulidi.

Hapo Sihaba akaweka sahani chini. Akamwambia Bi Gulshan kwa adabu kwamba maulidi ni hiyo, mrashi ni huo, aliukabidhi kwa wenyeji mkono kwa mkono, na miaka yote hii amekula lawama ya bure. Bi Gulshan akaweka fimbo yake kando. Kisha akauvuta mkono wake, akamkalisha kando yake kwenye mkeka, akamwomba radhi. Sihaba akalia. Nami nikalia, ingawa hakuna aliyeniuliza.

Halafu bibi akamgeukia Tasnim. "Na wewe ulijua?"

Mtoto angesema hajui lolote, nani angemlaumu?

Tasnim akajibu, "Sikujua ni wa nani, Bibi. Nilijua tu si wa babu."

Walicheka! Bi Gulshan alicheka mpaka akashika mbavu, akafuta macho na ncha ya mtandio. Wanawake wakaangukiana. Sihaba naye, machozi hayajakauka, anacheka. Bibi akamvuta Tasnim kifuani, akasema, "Huyu tunamchukua. Mama yake tutamvumilia."

Washenga wanakuja Ijumaa! Mwanangu! Nilijua tu! Ujasiri ule kautoa kwangu.

Wakati wa kuondoka Bi Gulshan kauchukua mrashi wake chini ya kwapa. Mlangoni kaniambia nisimhadithie tena kitu chochote maisha yangu yote. Nimeapa. Kweli safari hii. Tasnim alinikumbatia mpaka nikakosa pumzi, akaninong'oneza kwamba angetaka kunikasirikia lakini hawezi leo.

Sihaba kahesabu sahani zake. Zote zimo. Kaondoka na kaimati za kujaza mbili.

Jumatano, 23 Oktoba

Siku tatu hizi nimefikiri sana. Mtu lazima ajifunze.

Kilichomtoa Bi Gulshan machozi ni nini? Si shingo ya mrashi. Si hadithi yangu. Ni ile rangi ya chini! Nukta mbili tu, na watu wazima wanalia na kukumbatiana. Na mimi miaka yote nahangaika na banda la kuku!

Nimetoa mirashi yangu mipya ya Kariakoo iliyokuwa imefukiwa huko. Ussi alibakiza rangi ya kijani ya madirisha. Nukta mbili kila mmoja, msumari katikati. Imetoka kama ule ule wa Bi Gulshan. Nimeiweka mbele ya duka, kichwa chini, miguu juu. Sisemi neno. Alama inajisemea. Ahadi ya Tasnim nimeitimiza, na kiapo cha Bi Gulshan pia. Sihaba kavuka barabara, kaangalia, kaniuliza, "Shoga, una akili timamu?" Wivu huo. Kumbe udugu wa Jumapili ulikuwa wa siku moja.

Na riziki haikukawia! Mteja wa kwanza, Mzee Anwarali mwenyewe, babu yake Hadi! Alikuwa Dar wiki mbili kutibiwa macho. Kashuka na ndege ya leo, hata kwake hajafika, hana habari ya lolote. Kaona alama, kasimama. Kaushika mrashi kwa mikono miwili. Kasema Bi Gulshan alikuwa na wa namna hii, ukapotea, na tangu siku hiyo haujatoka kinywani mwake. Macho mapya yakamlenga machozi. Kaniuliza nimeupata wapi. Nikanyamaza. Nikatazama mbinguni tu, kwa heshima.

Kachukua miwili. Anasema atampa mkewe sasa hivi, kabla hata ya kuvua viatu. Nimemfungia kwenye gazeti, nikamtilia na maembe, ni mkwe. Ameondoka anakaribia kukimbia, mzee wa watu.

Kumenyesha tena. Harufu ya udongo, korosho zinaungua, duka limefunguka. Vuli njema kama hii sijaiona.

Simu inaita. Ni Bi Gulshan! Bila shaka anataka wa tatu.