Koti Linalopendwa na Ng'ombe

Jumatatu, 5 Agosti 1974. Tabora.
Duka la ushirika halina kitambaa tena. Watu wamenuna, mimi nacheka! Nyuma ya ghala nimeokota magunia matupu ya chumvi, chungu nzima. Yanatupwa! Gunia moja, koti moja. Nawapelekea wafugaji, asubuhi huko baridi inauma. Shangazi Mwanamkuu kaniazima cherehani yake, mara ya mwisho. Nikivuruga safari hii, anampa Mabruki, fundi jirani, yule wa kola za upande. Mabruki kauliza kama magunia nimeyafua. Wivu tu.

Jumatano, 7 Agosti. Nzega.
Lori limetubeba: mimi, baiskeli, cherehani. Sina chumba, sina mlango, sina ufunguo wa kupoteza. Jioni ikinikuta, hapo ndipo kwangu. Babu zetu walipita njia hii na pembe za ndovu begani. Najiuliza, nguo zao zikichanika njiani nani alizishona? Nimemuuliza dereva. Kaniambia nilale.

Ijumaa, 9 Agosti. Choma.
Makoti nimeyashona, wafugaji wameyachukua yote! Mzee Luhende kavaa lake, ng'ombe wake kamramba mgongo. Akaja wa pili. Mara zizi zima nyuma yake, kama wanamsindikiza bwana harusi. Chumvi! Nikajua nimekwisha. Mzee akacheka, akasema leo kachunga bila fimbo. Nikamwambia ndivyo nilivyokusudia.

Jumamosi, 10 Agosti. Choma bado.
Balaa. Kila mchungaji ana koti, na ng'ombe hawaulizi la nani. Wa Luhende wamemfuata mchungaji mwenzake, Ngollo, mpaka kwake. Ngollo kaitwa mwizi! Balozi wa nyumba kumi, Mama Apolinaria, kazuia cherehani mpaka kila ng'ombe arudi kwao.
“Ndugu fundi, si ulikusudia? Haya, vaa mwenyewe uwaite.”
Nimevaa. Kundi lote limenifuata kisimani, kila mtu akachukua wake. Nimerambwa hadi masikio. Kisha nikafulishwa makoti yote.

Jumatatu, 12 Agosti. Nzega.
Cherehani nimerudishiwa, nzima. Ila Shangazi atauliza safari ilikuwaje, na Mabruki atakuwa kakaa pale pale anasikiliza. Siwezi kurudi hivi. Bahati yangu, nyuma ya mgahawa nimekuta magunia ya sukari! Matupu, yananata kidogo, yananukia. Kufua ya nini? Tena safari hii wafugaji siwataki. Naenda porini kwa warina asali. Huko hakuna ng'ombe hata mmoja.