Mfuko wa Kimbunga Unaokula Magimbi

Jumatatu, 1 Februari
Mwaka wa tisa tangu volkeno itufukuze kisiwani kwetu Ambae. Hapa Luganville, mji wa kisiwa jirani, bado napaita ugenini. Redio inasema kimbunga kitafika Alhamisi. Mama Roselini, mwenyekiti wetu sisi wahamishwa, anataka mfuko wa dharura ufunguliwe tununue kamba na misumari ya mapaa. Mweka hazina ni mimi. Nikamwambia mfuko uko salama na unanenepa. Sikumwambia kwamba una miguu minne.

Jumanne, 2
Riba ya benki inasikitisha. Pesa za mfuko nilinunulia nguruwe, aliyeng'olewa meno ya juu ili jino la chini likue likipinda hadi liwe duara. Bado upana wa kidole mduara ukamilike, na hapo machifu watamgombea. Babu zangu waliweka akiba hivyo. Namlisha magimbi yaliyopondwa, kwa mkono. Nimempelekea habari Vira, anayetafuta nguruwe wa kuchinja katika sherehe yake ya kupanda cheo cha kichifu. Akacheka: eti mzee Garae, dhoruba iko mlangoni nawe unauza jino? Akataja bei ya nguruwe wa supu. Nikakataa. Heshima.

Jumatano, 3
Upepo. Roselini kaja na mjane Mele, akaniuliza mbele yake: shemeji, pesa ziko wapi? Nikawaonyesha banda la nguruwe. Hakufoka. Alisema basi mwambie huyo apande juu ashikilie mabati. Nimemkimbilia Vira nikubali bei ya supu. Ameshapigilia mbao mlangoni.

Alhamisi, 4
Paa la Mele linapiga makofi tangu asubuhi, naye yumo ndani na wajukuu. Madukani kamba zimekwisha. Imebaki moja, ya nguruwe. Nikasita. Kisha nikaifungua, tukalifunga paa. Limeshika. Nguruwe nilimwacha huru chumbani kwangu. Ngurumo ikamtisha, akagonga kitanda cha chuma. Mlio mdogo, kama kikombe kikivunjika.

Jumamosi, 6
Wote hai. Mapaa manne hayapo, langu likiwemo. Nguruwe aliyevunjika jino ni kitoweo tu, basi tumemla shuleni tulikojihifadhi. Roselini akanikabidhi mfupa wa taya, akasema haya, mweka hazina, tunza. Vira aliomba kuongezewa.

Jumapili, 7
Wamenivua uweka hazina. Ni haki yao. Ila kosa nimeliona: nilinunua mmoja. Mwenye busara huweka akiba yake mahali pawili. Nimebadilisha saa yangu ya mkono kwa vitoto viwili vya nguruwe, madume.

Meli ya kuwarudisha watu Ambae itaondoka mwezi ujao. Nimeikumbuka migomba yangu, chini ya majivu. Jino huchukua miaka saba kuzunguka, na vitoto vyangu viko hapa.

Sitarudi.