Nundu Atapendwa Tu

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimefanya biashara ya maisha yangu. Nimempa Tabasamu gari letu jeupe, naye kanipa gari ambalo mji huu haujaona mfano wake. Kadi kwa kadi, ufunguo kwa ufunguo. Tabasamu ni dalali wa magari kama mimi. Anaitwa hivyo kwa sababu meno yake hukaa nje hata msibani. Leo yalikaa nje zaidi ya kawaida. Sikujali. Acha acheke.

Gari lenyewe. Mbele lina taa nne: mbili mahali pa taa, mbili juu kwenye paji la uso, kama mzee aliyesahau miwani kichwani. Kioo kinaishia pale ambapo vioo vya wenzake ndiyo kwanza vinaanza. Nyuma limevimba. Nundu kabisa! Rangi ni kijani ambacho hakijawahi kuonekana kwenye jani lolote. Aliyelichora alikuwa mtu huru, na nadhani alikuwa kapera.

Mimi si chura wa kisima. Nimepita bandari tatu, nimelala katika miji ambayo hata majina yake siwezi kuyaandika. (Shule niliiacha darasa la sita, au yenyewe iliniacha, tusilaumiane.) Na kote huko nimeona jambo moja. Kitu cha ajabu watu hukicheka mwaka wa kwanza, mwaka wa pili hukizoea, wa tatu wanakigombania. Miaka mitatu mimi sina. Lakini jicho la mtu linaweza kuharakishwa. Wiki moja inatosha! Nitaliuza kwa bei ya magari mawili, moja jeupe nimnunulie mke wangu, jingine tutaona.

Mke wangu alitoka, akalizunguka mara moja, akaniuliza gari lake liko wapi. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alinikumbusha kwamba anapeleka mayai maduka kumi na mawili, na kila duka alilipata kwa miguu yake, trei kichwani, kabla nyumba hii haijajua usukani ni nini. Akasema kuku hawajui mitindo, wao wanataga tu. Gari jeupe liwe mlangoni kabla ya Jumamosi asubuhi. Lisipokuwepo, nisimfuate kwa dada yake, maana huko ndiko atakakokuwa. Binti yetu mkubwa akauliza kama hilo gari linakufa au linazaliwa.

Nimechoka. Kuwatangulia watu kunaumiza mgongo.

Jumanne, 4 Machi

Nimeamka nikakuta gari halipo. Moyo ulianguka, kisha nikaona na mayai hayapo. Ni yeye. Binti anasema mama yake alivaa kofia, miwani ya jua na mtandio hadi puani, kama jambazi wa benki mwenye trei.

Alirudi kabla ya saa tatu. Hakuna yai lililopasuka. Hata moja! Nilimuuliza imekuwaje. Akasema lile buti la nyuma limekaa vizuri, trei zinaingia bila kupandana. Kisha akanyamaza ghafla kama mtu aliyejikwaa ulimi, akaingia ndani kukoroga chai kwa hasira.

Tumekubaliana: asubuhi ni lake, mchana ni langu.

Mchana nikaanza kazi ya macho. Nililiegesha mbele ya kinyozi, mahali wanaume hukaa saa nzima wakingoja zamu na hawana pa kutazama. Nikakaa kwenye benchi nao, nikijifanya gazeti ni tamu. Wa kwanza aliuliza kama mwenyewe alipona ajali. Wa pili akaomba aonyeshwe mbele ni wapi. Mzee mmoja alilitazama kimya nusu saa nzima, nikasema huyu kaiva! Akainuka, akanipigapiga begani, akasema pole sana mwanangu.

Kinyozi ndiye aliyelipa jina. Nundu. Mpaka jioni mtaa mzima unaliita hivyo. Vizuri. Kitu kikishapata jina kimeanza kupendwa. Ndivyo tulivyo hata kwa mbuzi.

Jumatano, 5 Machi

Mpango wa sifa. Niliwakusanya jamaa watatu wasio na kazi, nikawapa chai na mkate, nikawafundisha: msimame karibu na Nundu, mshangae kwa sauti, mseme mlivyokuwa mkitafuta gari kama hili siku zote. Mambo ya bandarini hayo. Niliona mtu akiuza saa mbovu namna hiyo.

Saa nane ikaja familia ya kweli, baba, mama na mkoba wa heshima. Jamaa wakaanza. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini wangu walitia mto mzima. Wa kwanza alisema gari hili linaponya mgongo. Wa pili akadai limewahi kubeba waziri. Yule baba mwenye heshima akamgeukia wa tatu, akamuuliza kwa upole, ndugu yangu, mbona wewe hulinunui? Jamaa akakuna kichwa. Akajibu kwamba yeye ana watoto, shehe, wanasoma shule ileile ya watoto wa jirani.

Familia ikaondoka. Jamaa wakaomba chai nyingine.

Jioni fundi wa gereji, rafiki yangu wa miaka mingi na mtu asiyejua kufariji, aliniambia magari ya ajabu ni ya aina mbili tu: yale yanayopendwa baada ya miaka ishirini, na yale yanayofugiwa kuku. Nikamwambia Nundu ni la aina ya kwanza. Akasema kwa kasi hii litaanza na ya pili.

Mke wangu leo hakuvaa mtandio, ni miwani tu. Sikuuliza. Mwenye siku tatu hapotezi pumzi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimewaza: kama watu hawalipendi Nundu kwa uso huu, nilipe uso wanaoujua. Fundi ana gari bovu nyuma ya gereji, la kawaida kabisa, la aina ambayo ukiliacha sokoni utafungua mlango wa mtu mwingine. Tukakata pua yake, tukamfunga nayo Nundu kwa waya na nati sita. Tukazifunika zile taa za juu kwa rangi.

Nikasogea hatua kumi nikatazama. Mungu wangu. Alikuwa kama mtu aliyevaa meno ya marehemu. Fundi akasema kazi imeisha, lakini aliitazama kazi yake kwa pembeni.

Nilipofika nyumbani mke wangu alikuwa uani akihesabu trei. Akaja juu! Akasema niondoe hicho kitu sasa hivi, kesho watu watamjuaje? Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamwambia shabaha nzima ni wasimjue, si ndiyo maana ya ile miwani? Akasema miwani ameiacha tangu asubuhi, kama ningekuwa mtu wa kutazama ningeona. Wanawake! Jumanne anataka kujificha, Alhamisi anataka kuonekana. Anayewaelewa aandike kitabu, mimi nitakinunua.

Hakukuwa na haja ya kubishana. Nilipokuwa nikigeuza gari, pua ilianguka yenyewe katikati ya njia. Mwendesha baiskeli akairuka. Nikaibeba kurudi gereji mikononi kama mgonjwa, nikakwangua rangi kwenye taa mpaka kucha zikauma. Nundu akanitazama kwa macho yake yote manne.

Nakubali nimeshindwa. Naandika wino umekauka na moyo pia. Jicho la watu wa hapa halifundishiki. Kesho naenda kwa Tabasamu kurudisha gari la mama watoto. Ndoa ni moja, magari ni mengi.

Ijumaa, 7 Machi

Ushindi! Ushindi mtupu!

Nilijiandaa. Huwezi kwenda kwa Tabasamu na shida usoni, atakula mpaka kivuli chako. Nikaomba fundi anipigie simu saa nne kamili, ajifanye mhandisi kutoka ng'ambo anayekusanya magari ya ajabu. Nikaenda na Nundu, nikamwacha nje ya uwanja wake, nikazungumza hali ya hewa.

Gari letu jeupe lilikuwepo, katikati ya mengine meupe kumi na manne. Sikulitambua mpaka nilipoona mkwaruzo wa mlangoni, nilioufanya mwenyewe. Tabasamu analalamika. Siku tano, hakuna hata aliyeliuliza. Watu wanapita wanatazama simu zao.

Kabla fundi hajapiga, Tabasamu akaanza mwenyewe. Meno yaliingia ndani, mara ya kwanza kuyakosa. Akasema kaka, lile gari la kijani. Jumanne lilipita mbele ya nyumba yake, alicheka hadi akamwaga kahawa. Jumatano likapita, akatabasamu tu. Alhamisi alijikuta dirishani analingojea. Na leo lilipita likiwa limesimamisha zile taa zake, akasema kumbe lina haiba. Akauliza kama naweza kumrudishia.

Nilikuwa sahihi! Siku nne tu, jicho limeiva! Lakini sikuonyesha. Nikajikaza, nikaguna, nikasema litaniuma sana. Simu ikalia, fundi akaanza kizungu chake cha puani, nikamkatia. Tukabadilishana papo hapo. Kwa furaha nilimwachia na tairi la akiba.

Nikaliosha jeupe mpaka likang'aa, nikaliegesha mlangoni siku moja kabla ya muda. Nikapiga honi mara tatu, ya kishujaa.

Mke wangu alitoka anafuta mikono. Akatazama huku na huku. Akauliza Nundu yuko wapi.

Nikamwambia. Nilimsimulia vizuri, na sauti ya mhandisi nikaiigiza. Hakucheka. Akavuta ndoo, akaigeuza, akaikalia. Ndipo akanieleza polepole, kama anayemweleza mtoto habari za kifo. Tangu Jumatano wenye maduka wanaiona ile nundu ikitokea mbali, na kabla hajafika wameshatoa trei tupu nje. Hangoji, hapigi honi. Wapita njia wanauliza ni gari la nini, wanajibiwa ni la mayai. Maduka yamekuwa kumi na tisa. Jana mwenye hoteli ya stendi alimkimbilia barabarani ili ampe oda. Alikuwa anasubiri kesho anipikie chakula cha maana, anishukuru. Katika miaka kumi na mmoja ya ndoa, alisema, ndiyo ingekuwa mara ya kwanza kunishukuru kwa jambo la magurudumu.

Nikatafuta ndoo ya pili. Haikuwepo. Nikakaa chini.

Jumamosi, 8 Machi

Nilimsindikiza mwenyewe, niombe radhi kwa vitendo. Tulipita duka la kwanza: hakuna trei nje. La pili: hakuna. Mke wangu anapiga honi, mwenye duka anatazama juu ya kichwa chetu, akingoja kitu kingine. Kwenye duka la tano mama mwenye duka alipotutambua alishtuka, akasema jamani, mbona mayai yameshakuja?

Yameshakuja. Tabasamu alitoka alfajiri kutembeza gari lake apate sifa. Kila kona trei tupu zinamkimbilia, watu wanamuuliza leo umechelewa nini, na dada yetu yuko wapi? Mtu mwingine angejibu sijui. Tabasamu ana shemeji mwenye kuku mia mbili. Saa mbili asubuhi nundu ilikuwa imejaa.

Nikamfuata uwanjani kwake. Nikamsihi. Nikampa jeupe na pesa juu. Nikampa jeupe na heshima yangu. Meno yamerudi nje yote. Akaniambia kwa upole kabisa, kaka, si wewe husema kila siku kwamba jicho huzoea? Basi macho yao yameshazoea kuniona mimi.

Wale wapya saba wamekwenda. Wa zamani kumi na wawili wamebaki, kwa sababu mke wangu aliliacha gari kwenye njia panda akaingia kila duka kwa miguu, trei kichwani, kama zamani, wakamwona yeye. Nilibeba trei mbili nyuma yake. Nilivunja mayai manne. Jasho lilimtoka, na shingo yake sikuwa nimeitazama hivyo kwa miaka.

Jioni alisema hatakwenda kwa dada yake kuhama, atakwenda kulala usiku mmoja tu, apumzishe masikio. Akaniachia ufunguo wa jeupe kwa ajili ya kulijaza mafuta. Mafuta tu, alisema. Alirudia mara mbili.

Jumapili, 9 Machi

Nimetafakari siku nzima. Nimetubu. Somo nimelipata, na ni hili: watu wanapenda gari la ajabu! Nilikuwa sahihi tangu Jumatatu, kosa langu lilikuwa kukata tamaa mapema. Tena Nundu hakuwa wa ajabu vya kutosha, ndiyo maana Tabasamu alimzoea haraka.

Nilikwenda kujaza mafuta. Kituo kiko jirani na gereji. Fundi alikuwa na kitu chini ya turubai.

Magurudumu matatu. Zambarau. Duara kama chungu. Na mlango mmoja tu, mbele usoni, unafunguka kama wa jokofu! Fundi alinisihi nisilichukue, akaapa kwa mama yake. Nikajua hapo hapo ni lenyewe. Mtu akikusihi hivyo anataka kubaki nalo. Jeupe limebaki gereji. Hakuna mwenye duka atakayekosa kumwona mke wangu akija na hili. Kumi na tisa? Wataomba thelathini.

Naandika haya nikiwa ndani yake, uani kwetu. Nimefika salama, nimeegesha vizuri, pua imegusa ukuta. Mlango, kama nilivyosema, uko puani. Gia ya nyuma fundi anasema atairudisha wiki ijayo. Nimepiga honi, binti ametoka, amenitazama kupitia kioo, amecheka, amerudi ndani kumpigia mama yake simu.

Yeye na dada yake wapo njiani. Hewa inatosha. Namtafutia jina.