Thamani ya Fabian Inaishia Makaburini

Timu ya Kikapu ya Zabibu,
Nkuhungu, Dodoma.

Ndugu Mwenyekiti wa Ligi,

Pokea salamu za Nkuhungu, ambako vumbi halijambo. Naandika kwa uchungu kuhusu mchezaji wetu Fabian Kapaya, mrefu wa mita mbili na ushee. Tulikubaliana kumtoa kwa timu ya Kongwa, nao watupe wachezaji wawili. Sasa wanatoa mmoja, tena mwenye goti bovu. Uwanjani Fabian hana doa. Shida ni kwamba yeye ni Mnyamwezi, sisi Wagogo ni watani zake, wa kufanyiana mzaha hata msibani, na hakuna msiba wetu unaompita.

1. Akisikia kilio tu, mazoezi basi. Mwezi uliopita alitoka katikati ya mechi tukiongoza kwa pointi mbili, akaenda Chamwino kumzika mtu asiyemjua. Tulifungwa.

2. Huko misibani anajilaza kaburini, hatoki mpaka apewe kuku. Watani wengine huvutwa mkono yakaisha. Huyu huhitaji vijana sita, na mara mbili wachimbaji wamelazimika kuongeza urefu wa kaburi ili aenee.

3. Hili ndilo lililotumaliza. Mwalimu Bartolomayo, kocha wa Kongwa, alipanga kuja kumkagua Jumamosi. Alhamisi akafiwa na mama mkwe. Kwa hiyo mara ya kwanza kumwona Fabian, alimwona kwenye mazishi, kavaa gauni la marehemu, anachechemea kama marehemu, anadai ugoro wake. Mwalimu, macho yamejaa machozi, akaandika kwenye daftari: mchezaji ana majeraha. Nimemwandikia kwamba aliyekuwa akichechemea ni mama mkwe wake. Hajajibu mpaka leo. Biashara matangazo, ndugu yangu, na tangazo letu ndilo hilo.

4. Niliwaomba wazee wasimamishe utani wa makabila haya mawili mpaka dirisha la usajili lifungwe. Walinicheka mbele ya mke wangu.

Kwa hiyo naomba Ligi itoe waraka wa kusimamisha utani huo. Ikishindikana, basi viongozi wa kata waombwe kuwahimiza wananchi wajitahidi wasifariki hadi tarehe thelathini. Sioni kama ni jambo kubwa.

Wasalimie wajumbe wote, na Mama Restuta wa masjala.

Nabaki mtiifu wenu,
Octavian Ndahani,
Katibu.

Nyongeza: Barua imechelewa kwa sababu Jumatano tulimpoteza baba. Mama alikaa siku mbili bila kula, tukaanza kumhofia yeye. Fabian akaja bila kuitwa. Akavaa koti la baba, mikono ikamwishia kwenye viwiko, akaketi kwenye kigoda cha baba na kumgombeza mama kwamba mlenda hauna chumvi, vilevile alivyogombezwa na baba kwa miaka arobaini. Mama alicheka mpaka akalia, kisha akaomba uji. Nami nililia, sifichi. Waraka usitoke. Kongwa wakitupa hata timu yao nzima pamoja na kocha, Fabian hatumtoi.