Jinsi Nilivyomsaidia Mama Waya Kuunganisha Kompyuta Mbili

Jumatatu, 3 Machi
Kikao na mkuu wa hospitali. Majibu ya maabara yanachelewa kufika wodini. Programu ya maabara ni ya kale, haikubali mfumo mpya, kwa hiyo tumeiwekea kompyuta pepe: kompyuta isiyo na umbo, inayoishi ndani ya ile kubwa kama mgeni ndani ya nyumba. Shida ni kwamba mgeni na mwenyeji hawasemezani. Muuguzi hupanda ngazi kuja kunakili majibu kwa mkono. Muuguzi mwenyewe ni mke wangu, na magoti yake yamenichosha mimi.

Fundi mwenzangu, Mama Waya, akasema ataandika kiendeshi, programu ndogo ya kukaa kwenye kiini cha mfumo na kuwafungulia wawili hao njia yao wenyewe. Siku nne. Nikasikia mdomo wangu ukisema mimi nitatumia mbili. Kiti cha mkuu wa kitengo kiko wazi. Siongezi neno.

Jumanne, 4 Machi
Mbinu yangu ni folda. Mgeni anaweka majibu humo, mwenyeji anachungulia kila dakika. Mistari ishirini, basi.

Nikaenda kumpeleleza Mama Waya, kisingizio natafuta stepla. Alikuwa anachora. Mgeni anaacha ujumbe kwenye kumbukumbu wanayochangia, anagonga kengele. Mwenyeji anauchukua, anajibu kwamba umefika mzima. Hakuna anayechungulia. Nilisimama pale mpaka chai yake ikapoa. Kazi imenyooka kama mshono wa suti. Nikamwambia visanduku vyake vimepinda. Akaniambia stepla ninayo mkononi.

Jumatano, 5 Machi
Nimeonyesha folda yangu mbele ya wakubwa. Jibu la kwanza likafika, mkuu akatabasamu. La pili mwenyeji alilichungulia bado linaandikwa. Kiwango cha damu ya mgonjwa, 12.4, kikafika kikiwa 1. Daktari akashika simu kuagiza damu ya dharura.

“Daktari, tusubiri dakika moja tu,” Mama Waya akasema kwa upole.

Dakika ikapita, 12.4 ikatokea. Hakunisema mbele za watu. Aliniuliza tu, pembeni, mwenyeji angejuaje kwamba mgeni amemaliza kuandika.

Alhamisi, 6 Machi
Nimejitolea kumsaidia Mama Waya. Nia yangu: jina langu liwe juu kabisa ya kiendeshi. Alipotoka nikaliandika, nikasahau alama ya kufungia maelezo, ile inayotenga maneno ya watu na amri za kompyuta. Programu ikagoma. Jina langu likajaa kwenye kioo kwa rangi nyekundu, kosa juu ya kosa. Akarudi, akasoma, akaongeza alama. Jina akaliacha. Nilikwenda chooni nikakaa kidogo.

Jumatatu, 10 Machi
Kiendeshi kimeanza kazi. Mtu wa maabara hajainua kidole, jibu liko wodini. Mama Waya akamzima mgeni makusudi katikati ya ujumbe. Mwenyeji akaitupa ile nusu, na mgeni alipowaka, mwenyeji akamwomba autume upya. Daktari alipiga makofi peke yake. Sijapata kuona kitu kizuri hivyo kikikaa kimya hivyo.

Mke wangu leo hakupanda ngazi. Akauliza nani kaandika. Nikasema Mama Waya. Lilinitoka kwa shida, lakini lilitoka. Kiti amepewa yeye, na ni haki yake.

Jumanne, 11 Machi
Mama Waya yuko likizo mpaka wiki ijayo. Mfamasia kaja kuuliza kama kompyuta pepe ya duka la dawa nayo itaunganishwa. Aliagizwa amngoje bosi. Nikamwambia angoje nini, wakati mimi nimefundishwa na bosi mwenyewe. Nimenakili kiendeshi chake mstari kwa mstari, kwa heshima zote, maana kazi kama ile haiguswi. Nimebadilisha sehemu moja tu, ile ya juu yenye majina.